Toronto, London au Brooklyn: uende kanivali ipi ya Karibi?

Kanivali za Wakaribi wa ughaibuni ni nyingi, ila zinazovuta wageni kutoka mbali kuliko zote ni tatu, na zote huchezwa ndani ya wiki tano hivi za kiangazi. Toronto ndiyo hufungua, Jumamosi inayotangulia Jumatatu ya kwanza ya Agosti. London hufuata Jumapili na Jumatatu ya mwisho ya Agosti. Brooklyn, kule New York, hufunga Jumatatu ya kwanza ya Septemba, wiki moja kamili baada ya London. Mwenye likizo ndefu na mfuko mnene anaweza kuzicheza zote. Sisi wengine tuna nauli ya safari moja, kwa hiyo lazima tuchague.

Swali ambalo watu huanza nalo ni ipi iliyo kubwa, na ndilo linalosaidia kidogo kuliko yote. London hukadiriwa kupata watu milioni mbili kwa siku zake mbili. Toronto na New York kila moja hujitangazia zaidi ya milioni. Barabarani hakuna geti wala anayekata tiketi, hivyo takwimu hizo zipokee kwa tahadhari. Tena ukishabanwa katikati ya watu laki moja, mbavu zako hazitajua kama ni laki au ni milioni. Afadhali ujiulize unaenda kutazama, kucheza au kusikiliza muziki, na unaenda na nani. Mwenye kumpeleka mama mkwe na mwenye kwenda na vijana wenzake hawatafuti kanivali moja.

Kwanza pasipoti

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa kuingia Kanada, Uingereza na Marekani. Kwa anayetoka nyumbani hakuna nafuu upande wowote. Aombe miezi mingi kabla, maana Agosti haimngoji mtu.

Tofauti iko kwa walioko ughaibuni. Aliye Marekani na grini kadi huingia Kanada bila visa, mradi kadi na pasipoti yake viwe hai. Ndugu yake mwenye ukaazi wa kudumu wa Kanada hana bahati hiyo akielekea kusini: kama bado anatumia pasipoti ya nyumbani, atapanga foleni ya visa ya Marekani kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo familia ya Jersey City au Buffalo inaweza kuona Toronto mwanzoni mwa Agosti na Brooklyn mwanzoni mwa Septemba, huku binamu zao wa Brampton, jirani na Toronto, wakibaki kutumiwa picha. Walio Ulaya bara nao wakumbuke kwamba kadi ya ukaazi ya Ujerumani au Ubelgiji haifungui mlango wa London. Na masharti ya Marekani yamekuwa yakigeuka mara kwa mara miaka hii, basi yasome upya kabla ya kulipia ndege, usitegemee alichokuambia mtu aliyeenda mwaka juzi.

Mama mmoja, watoto watatu

Zote tatu zimezaliwa na kanivali ya Trinidad, ile ya Jumatatu na Jumanne kabla ya Kwaresima. Mabwana wa mashamba wa Kifaransa walikuwa na dansi zao za vinyago majumbani. Utumwa ulipoanza kuvunjwa mwaka 1834 na kwisha kabisa 1838, waliokuwa watumwa wakaitoa sherehe barabarani kwa ngoma, mienge na mchezo wa fimbo. Mwaka 1881 walipigana na polisi mjini Port of Spain. Serikali ya kikoloni ikabana ngoma za ngozi. Watu wakapiga mianzi chini, baadaye wakageukia makopo na vyuma, na kufikia miaka ya 1930 na 1940 mapipa ya mafuta yakawa yanafuliwa mpaka yanatoa noti kamili. Hiyo ndiyo steelpan, au kwa kifupi pan.

Msomaji wa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa aliyewahi kusimuliwa na wazee habari za beni, zile ngoma za vyama vya mashindano, hatapata shida kuelewa mambo haya. Marini na Arinoti, vyama viwili mahasimu, walikuwa na sare, vyeo na wafalme wao, na walishindana mitaani nani amependeza na nani ametia fora. Bendi ya mas, yaani kundi linaloandamana kwa mavazi ya kanivali, nayo ni chama chenye kiongozi, mafundi, rangi zake na majirani inaotaka kuwafunika. Kuvaa vazi na kuandamana nao ndiko kunakoitwa kucheza mas.

Kwa kuwa Februari ya Toronto, London na New York ni baridi tupu, watoto wote watatu walihamia kiangazi. Kila mmoja, hata hivyo, alikuwa na sababu yake ya kuzaliwa, na sababu hiyo bado inaonekana barabarani hadi leo.

Ya Toronto ilikuwa zawadi. Mwaka 1967 Kanada ilitimiza miaka 100, na Wakaribi wa mjini wakaandaa sherehe kama mchango wao. Ilipendwa mno ikashindikana kuachwa. Jina lake lilikuwa Caribana, na wenyeji wengi bado huliita hivyo ingawa tangu 2011, baada ya kesi ya nani mwenye jina, matangazo rasmi husema Toronto Caribbean Carnival.

Ya London ilizaliwa na kidonda. Mwaka 1958 makundi ya vijana weupe yalishambulia Wakaribi wa Notting Hill, mtaa wa magharibi mwa London. Claudia Jones, mwanahabari mzaliwa wa Trinidad aliyekuwa amefukuzwa Marekani kwa siasa zake, akaandaa kanivali ya ndani katika ukumbi wa St Pancras, Januari 1959. Miezi michache baadaye seremala mmoja kutoka Antigua, Kelso Cochrane, aliuawa kwa kuchomwa kisu mtaani huko huko. Kanivali ya barabarani ilikuja 1966, Rhaune Laslett alipoandaa sherehe ya mtaa, na kikundi cha pan cha Russell Henderson kikaondoka mahali kilipowekwa, kikaanza kutembea, watu wakakifuata. Tangu mwaka 1973 Leslie Palmer aliikuza kwa kuwaita wenye saundi sistimu, yaani vijana wa Kijamaika na kuta zao za spika.

Ya New York ilianzia Harlem, mtaa wa mji huo huo. Jessie Waddell na wenzake walikuwa wakicheza kanivali kumbini wakati wa baridi, kisha mwaka 1947 wakatoka barabarani Siku ya Wafanyakazi ya Marekani, yaani Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kibali cha Harlem kilifutwa mwaka 1964 baada ya vurugu. Carlos Lezama akaihamishia Eastern Parkway, Brooklyn, mwaka 1969, nayo ikakaa huko.

Toronto: starehe yenye uzio

Kama unataka kutazama, na kutazama vizuri, anza hapa. Tangu 1991 gwaride kuu hufanyika Lake Shore Boulevard, barabara pana inayokwenda sambamba na Ziwa Ontario. Bendi huanzia viwanja vya Exhibition Place, hupita mbele ya majaji, kisha humwagika barabarani. Ndani ya viwanja utalipia tiketi na kupata kiti. Nje, kandokando ya barabara, ni bure, na ukifika mapema unapata majani ya kukalia, upepo wa ziwa na nafasi ya kutandika mkeka.

Kinachomshangaza mgeni ni uzio. Wachezaji wako upande mmoja, watazamaji upande wa pili, na kila mwaka wapo wanaoruka kwenda kuchanganyika na bendi ambazo watu wamelipa mamia ya dola kuchezea. Wenye bendi hulalamika, na wana haki: manyoya hukanyagwa, na mbele ya majaji bendi iliyovamiwa na watu wa fulana haionekani tena rangi yake. Mimi naona uzio ni neema na ni kero kwa wakati mmoja. Mwenye watoto atapata picha safi na hatapoteza mtu. Mwenye damu inayochemka atakaa kutwa akiangalia raha za wengine. Jambo jingine la kujua ni kwamba bendi moja inaweza kupita, kisha ukakaa muda mrefu ukitazama lami tupu kabla ya ijayo kutokea. Beba maji na uvumilivu.

Dawa ya uzio ni kujiandikisha uwe ndani yake. Bendi hufungua usajili miezi mingi kabla na kuonyesha mavazi yao mtandaoni. Vazi la mbele, lenye mabawa na manyoya mengi, hugharimu zaidi ya lile la nyuma lenye shanga na taji tu. Hutaulizwa wewe ni wa kisiwa gani. Ukilipa na ukaenda kuchukua vazi lako kambini, yaani karakana ya bendi, wewe ni mwanabendi.

Lakini kama muda wako ni wa jioni moja tu, ningekwambia uache gwaride, uende Alhamisi usiku kwenye shindano la wafalme na malkia. Hapo kila bendi huleta vazi lake kubwa kuliko yote: fremu ya waya na fito za plastiki yenye kimo cha nyumba, imefungwa mabegani na kiunoni mwa mtu mmoja, sehemu nyingine ikibebwa na magurudumu madogo. Tazama miguu ya mchezaji badala ya manyoya. Upepo wa ziwa ukipiga bawa la kushoto, utaona goti la kulia likikunjika, kamba za begani zikikaza, kisha anageuka robo duara kuupisha upepo upite, na umati unashangilia ukidhani ni madaha tu. Kumbe ni kazi ya mpagazi na ya mcheza ngoma kwa pamoja. Ijumaa usiku ni zamu ya vikundi vya pan. Watoto wana gwaride lao Julai, wiki kadhaa kabla.

Usafiri Toronto ni rahisi kuliko kwa wenzake. Kutoka uwanja wa ndege wa Pearson treni hukufikisha stesheni ya Union, katikati ya mji, kwa dakika 25 hivi, na kutoka Union treni ya GO hukushusha Exhibition, kituo kimoja tu mbele. Tramu namba 509 na 511 nazo hufika. Watoto wa miaka 12 kushuka chini hawalipi tramu wala basi la jiji, na GO pia hawalipi.

Na jiji lenyewe linasaidia. Karibu nusu ya wakazi wa Toronto wamezaliwa nje ya Kanada, kwa hiyo mgeni mwenye lafudhi hakuna anayemgeuzia shingo. Siku zinazobaki nenda Eglinton West, mtaa unaojulikana kama Little Jamaica, wenye saluni, maduka ya santuri za rege na majiko ya kuku wa jerk, yaani kuku wa kuchoma wa Kijamaika mwenye viungo vikali, ingawa ujenzi wa reli uliodumu zaidi ya muongo umeumiza vibaya biashara za pale.

London: nenda kwa masikio

Kanivali ya Notting Hill haina viti, haina uzio wa maana na haina mahali pa kusimama ukasema hapa ndipo penyewe. Gwaride huzunguka kilomita tano na ushei katika mitaa ya makazi: Great Western Road, Chepstow Road, Westbourne Grove, Ladbroke Grove. Mavazi yapo na yanapendeza, ila ukija kwa ajili ya mavazi utarudi ukisema Toronto ni bora, na utakuwa umesema kweli.

Njoo kwa muziki. Katika vichochoro vinavyokatiza barabara kuu kuna saundi sistimu zaidi ya 30, kila moja na pembe yake ya mtaa na watu wake wanaorudi mwaka hata mwaka. Kona hii ni dub, rege ya besi nzito inayotikisa vioo. Hatua mia mbili mbele ni lovers rock, rege ya mapenzi, wazee wa miaka 60 wameshikana viuno. Ukipinda tena ni soca, muziki wa dansi wa Trinidad, kisha house, kisha rege ya zamani inayopigwa kutoka kwenye santuri. Jumamosi jioni, kabla ya kanivali yenyewe, kuna shindano la pan. Wengi hawalijui, na ndipo utakaposikia pan bila spika za lori kuifunika. Kwa mpenzi wa muziki hakuna mji mwingine unaokupa vyote hivi kwa siku mbili bila kiingilio hata senti.

Sasa maudhi yake. Wakazi na wenye maduka hupigilia mbao kwenye milango na madirisha, kwa hiyo utatembea kati ya nyumba nyeupe za mamilioni ya pauni zilizofunikwa mbao zenye michoro. Foleni za vyoo ni mtihani. Baadhi ya wenyeji huweka kibao mlangoni wakikodisha choo chao kwa pauni kadhaa, na saa nane mchana ukiwa na mtoto, pauni hizo utazitoa bila kubishana bei. Kituo cha Ladbroke Grove hufungwa siku zote mbili na vingine karibu nacho huwekewa masharti, kama vile kushusha bila kupakia. Panga kutembea. Mtandao wa simu hubanwa na wingi wa watu, basi kubalianeni mapema mahali pa kukutana mkipotezana, na pawe nje kabisa ya eneo la kanivali.

Muziki huzimwa saa moja jioni, hata kama wimbo uko katikati. Na saa tisa alasiri kila kitu hunyamaza kwa sekunde 72, sekunde moja kwa kila mtu aliyekufa katika moto wa jengo la Grenfell, Juni 14, 2017. Jengo hilo liko mtaa huo huo.

Jumapili ni siku ya familia na watoto, Jumatatu ndiyo ya vurumai. Tofauti ya siku hizi mbili ni kubwa kuliko wageni wanavyodhani. Nimesikia wengi wakiilaani Notting Hill, na ukiwauliza wote walienda Jumatatu mchana.

Brooklyn: nyumbani kwa watu

Eastern Parkway ni barabara pana yenye miti, na siku ya gwaride bendi hutoka Utica Avenue kuelekea Grand Army Plaza, kilomita tatu hivi. Treni namba 2, 3, 4 na 5 hupita chini yake. Ni bure.

Toronto na London unahisi kanivali imeletwa mjini. Brooklyn unahisi umeingia uani kwa mtu. Mitaa ya Crown Heights na Flatbush imejaa Wajamaika, Watrinidad, Waguyana, Wabarbados, Wagrenada na Wahaiti, na siku hiyo bibi zao wamekaa vibarazani na viti vya kukunja, bendera zimefungwa vichwani, viunoni, kwenye vigari vya watoto. Wahaiti ndio wanaoipa Brooklyn ladha ambayo wenzake hawana: malori ya konpa, muziki wao wa dansi, na jirani kidogo, ndani ya Prospect Park, vikundi vya rara, muziki wao wa maandamano, na mabaragumu yao. Waliokua Kinshasa, Bujumbura au Mombasa wakicheza zouk ya Kassav' watajikuta wanafahamu konpa kabla ya kutambulishwa.

Kabla ya gwaride kuna J'ouvert, alfajiri, watu wamejipaka rangi, matope na unga, wakifuata pan na vyuma. Zamani ilianza gizani. Baada ya watu kuuawa kwa risasi kwenye sherehe za 2015 na 2016, jiji liliisogeza hadi saa kumi na mbili asubuhi na kuweka vizuizi ambapo kila anayeingia hupekuliwa. Wakongwe hunung'unika kwamba J'ouvert ya mchana kweupe si J'ouvert. Kama ungependa utulivu zaidi, siku za kabla ya Jumatatu kuna maonyesho ya jioni nyuma ya Jumba la Makumbusho la Brooklyn, likiwemo shindano la pan. Hayo yana tiketi.

Mavazi hapa ni ya hali ya kati, mpangilio ni legelege, na wanasiasa hupenda kutangulia mbele wakipunga mikono. Vumilia, wanapita.

Chakula, halali, na mama mkwe

Kwa tumbo, nampa Brooklyn namba moja na Toronto namba mbili kwa umbali mdogo. Kote utakuta kuku wa jerk akichomwa katika pipa la mafuta lililopasuliwa katikati. Pipa lile lile lililozaa pan. Lakini mtu wa pwani ya Afrika Mashariki namshauri atafute upande wa Trinidad na Guyana. Kati ya 1845 na 1917 Waingereza walipeleka Trinidad vibarua wengi kutoka India, na mapishi yao yakabaki. Roti yenye dengu iliyosagwa ndani, mchuzi wa bizari, na doubles, yaani vimkate viwili laini vya kukaanga vilivyobeba dengu na pilipili: ukila unajua kabisa umeshaonja ndugu zake Mombasa au Unguja. Watrinidad na Waguyana Waislamu ni wengi, kwa hiyo maduka ya roti yenye bango la halali yapo Scarborough kwa Toronto, na Richmond Hill, Queens, kwa New York. Kwenye meza za barabarani siku yenyewe usikisie. Uliza, maana nguruwe wa jerk naye huuzwa, na rom huingia hadi kwenye keki.

London chakula ni kizuri ila foleni ndefu, na saa kumi jioni wengi wameishiwa. Kula mapema.

Halafu tuseme jambo ambalo vipeperushi vya utalii havisemi. Mavazi ya gwaride la leo ni bikini, shanga na manyoya, na uchezaji ni wa viuno kugusana. Kwa Wakaribi hilo ni furaha isiyo na aibu, na mgeni hana haki ya kukunja uso katika sherehe ya watu. Ila wewe unawajua wako. Ukimweka mama mkwe kwenye kiti cha mbele Lake Shore Boulevard, safari nzima ya kurudi itakuwa kimya. Mpeleke Alhamisi kwa wafalme na malkia, au Ijumaa kwa pan, au kwenye gwaride la watoto. Hapo atashangilia mpaka sauti ikauke. London mpeleke Jumapili asubuhi, mtoke kabla ya saa tisa. Brooklyn ni ngumu zaidi kumpangia mzee, labda awe na mwenyeji mwenye kibaraza.

Usalama

Sitaficha. London mwaka 2024 watu wawili walifariki kutokana na mashambulio ya siku za kanivali, na polisi wapatao 7,000 kwa siku huwa kazini. Wenyewe hofu yao kubwa siku hizi ni msongamano, watu kubanana hadi kukosa hewa. Brooklyn mwaka huo huo watu watano walipigwa risasi kwenye njia ya gwaride, mmoja akafa. Toronto nako risasi zimewahi kulia siku ya gwaride. Ukipiga hesabu ya mamilioni wanaorudi salama, hatari kwa mtu mmoja ni ndogo, ila tabia zako zina mchango. Ondoka mapema jioni, kaa karibu na mtaa wa kutokea, na ukiona huwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, jitoe pembeni hapo hapo, usisubiri kuona itakuwaje. Kwa kipengele hiki peke yake, Lake Shore Boulevard na upana wake inazishinda njia nyembamba za Notting Hill.

Basi niende wapi?

Ukiwa na watoto, au wazazi waliokuja kutembea kutoka nyumbani, au ndiyo mara yako ya kwanza: Toronto, na ukae kuanzia Alhamisi. Hoteli za katikati ya mji hupanda bei wiki hiyo. Ndugu wa Scarborough au Mississauga ni mtaji. Ukitaka kuvaa na kucheza, pia Toronto, kwa sababu njia ni pana, mafundi wake ni hodari na usajili unaeleweka.

Ukiwa mtu wa muziki, na miguu yako ina afya, London. Lala kwa jamaa wa Reading au Milton Keynes, miji iliyo nje ya London, uje kwa treni ya asubuhi, uwe umeshaondoka saa kumi na moja jioni.

Brooklyn ningeiweka kwa mtu ambaye ameshaona moja ya hizo mbili na sasa anataka kukaa na Wakaribi badala ya kuwatazama. Mwenye makazi New York hana sababu ya kuikosa. Nauli yake ni ya treni ya chini ya ardhi.

Nikilazimishwa kuchagua moja kwa ajili yangu, ni London ya Jumamosi na Jumapili: pan jioni ile, vichochoro vya spika kesho yake, na Jumatatu nimeshaondoka.

Kuna njia mbili za pembeni pia. Leeds, kaskazini mwa Uingereza, ina kanivali yake tangu 1967, iliyoasisiwa na Arthur France, na huchezwa Jumatatu ile ile ya London. Inaanzia na kuishia katika bustani ya Potternewton, mtoto anaweza kukimbia kwenye nyasi, na kwa waliochoshwa na umati ni chaguo la busara. Kwa walio na ukaazi wa Ulaya bara na hawana hamu ya kuomba visa ya Uingereza, Rotterdam hucheza kanivali yake ya kiangazi mwishoni mwa Julai. Hiyo ni ya watu wa Curaçao na Aruba zaidi kuliko Trinidad, na Wakabovede, yaani watu wa asili ya visiwa vya Cape Verde, wa mji huo nao hutoka na bendi zao. Utaingia kwa treni kutoka Brussels bila kuulizwa pasipoti mara nyingi, ila ibebe.